Sebule Haisubiri Makochi

Ukikaa Karatu mjini kuanzia katikati ya Novemba utalisikia dukani, kwenye kikao cha VICOBA, hata nje ya kanisa watu wakiagana: "Mwaka huu sipambi, sina hela." Mwenzake atajibu kwamba naye anangoja makochi mapya kwanza, ndipo aanze kuishughulikia sebule. Ni watu wazima wenye akili zao, na wote wawili wanaamini uongo: kwamba nyumba kupendeza ni suala la pesa, na asiye nazo akae atulie mpaka sikukuu ipite.

Mji mwingine ningeusamehe. Karatu hapana, kwa sababu sehemu kubwa ya riziki ya mji huu inatokana na kupanga na kupamba vyumba. Kuanzia Rhotia hadi lango la Lodoare, na kupanda mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zimejaa loji na kambi ambazo wageni wanazilipia pesa nyingi. Ndani ya vyumba hivyo vya bei kubwa kuna nini? Kibuyu. Mkeka. Kapu limetundikwa ukutani. Shuka jekundu la Kimasai limekunjwa miguuni mwa kitanda, maana usiku wa kule juu una baridi ya kweli. Kigoda cha gogo, na mtungi wa udongo wenye matawi mabichi yaliyokatwa asubuhi hiyo. Vitu hivyo vilitoka kwenye nyumba zetu. Nasema vilitoka kwa sababu vingi tulishavitupa.

Na anayevipanga ni nani? Ni dada wa Tloma, wa Bashay, wa Ganako. Asubuhi anatandika kitanda bila kuacha kunyanzi hata moja, anakunja mataulo mawili yakawa bata maji wanaotazamana, anatawanya maua ya bogenvilia katikati yao, na kabla ya kufunga mlango anageuka kuhakikisha kila kitu kiko mahali pake. Jioni anapanda bodaboda, anafika kwake, anaketi kwenye stuli, anautazama ukuta na kusema hawezi kupamba, hana hela. Ujuzi anao mikononi, na bogenvilia ile ile imeota kwenye ua wa jirani yake. Isitoshe, wiki ya mwisho ya Desemba loji zinajaa, kwa hiyo sikukuu yenyewe ataimalizia kumpambia mtu aliyetoka Munich au Chicago.

Simlaumu. Ameaminishwa, na waliomwaminisha ni sisi tunaoingia nyumba ya mtu na kuanza kuhesabu: runinga ni ya inchi ngapi, makochi ni ya ngozi au ya kitambaa, dari ni ya jipsamu au bati linaonekana. Katika hesabu hiyo mkeka ni ushamba na kibuyu ni dalili ya umaskini. Ukishavuka geti la loji, mkeka ule ule unaitwa sanaa na kupigwa picha.

Najua kuna watakaoniambia nataka tuishi kama makumbusho ili mzungu afurahi. Sivyo. Kibuyu cha loji kimeshastaafu. Hakijawahi kuonja maziwa tangu kitundikwe. Mimi nawazungumzia vibuyu vilivyo kazini. Ingia kwenye enkaji, nyumba ya Kimasai, katika boma lolote kule Ngorongoro. Mama mwenye nyumba ameijenga mwenyewe kwa fito, udongo na samadi. Ndani kuna jiko, vitanda vya ngozi, sehemu ya ndama, na mahali pa vibuyu ambavyo husafishwa kwa kijinga cha mzeituni pori, oloirien, mpaka maziwa yenyewe yanukie moshi. Mwanga ni kidogo sana, na bado mama ananyoosha mkono gizani akakipata anachokitaka. Sisi wenye taa ya umeme na feni tunatafuta rimoti nusu saa.

Wairaqw nao wana ushahidi wao. Mabibi waliokaa kwenye tembe zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima, nyumba ambayo adui angeweza kuipita bila kuiona, ndio walioshona sketi za ngozi zilizojaa shanga, na baadhi ya sketi hizo ziko leo kwenye makumbusho ya ng'ambo. (Shanga zilinunuliwa, sikatai, nyingi zililetwa kutoka Venice na Bohemia. Ila walinunua punje tu, urembo wakautengeneza wenyewe. Sisi tunanunua urembo ukiwa umeshakamilika, halafu tunabaki kuufuta vumbi.)

Na vumbi ndilo linalonifanya nisiyaelewe maua ya plastiki. Udongo wa Karatu ni mwekundu na haumstahi mtu: kiangazi unaingia kwa upepo, vuli unaingia na viatu. Katika mji wa namna hiyo tunanunua vitambaa vyeupe pe vya makochi na shada la waridi la plastiki, vitu viwili vilivyoumbwa kushika uchafu. Pasaka ikifika waridi lina rangi ya tofali. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, tukaipongeza, kisha kila Desemba tunaiingiza plastiki upya ndani ikiwa na umbo la jani na kuichoma shimoni Februari.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba tunafikiria kuingiza kabla ya kutoa. Sebule nyingi ninazozijua hazina upungufu wa kitu chochote. Zimezidiwa. Tazama ukutani: kalenda ya mwaka huu, ya mwaka jana, na ile aliyogawa mgombea aliyeshindwa, bado anatabasamu. Moja lazima iwe na picha ya simba, aliyepigwa picha si mbali na hapo. Chungulia uvunguni: madumu matupu, kiatu kisicho na mwenzake, redio iliyokufa, pasi inayosubiri fundi ambaye alishahama. Juu ya kabati kuna boksi la runinga lililohifadhiwa tangu siku iliponunuliwa, wala hakuna anayeweza kueleza kwa nini. Ndani ya kabati vimefungiwa vikombe vya wageni, na wageni wakija wanapewa vile vya kila siku kwa sababu ufunguo hauonekani.

Hapo shilingi haihitajiki. Zinahitajika Jumamosi moja na moyo mgumu. Kalenda zishuke ibaki moja. Redio iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vikombe vitolewe kabatini vinyweshe watu chai. Dumu la mafuta ya kula la lita ishirini likikatwa kwa kisu kilichopashwa moto linakuwa chombo cha viatu vya watoto au cha viazi. Kreti la mbao likisimamishwa wima ni rafu. Anayejenga sasa kwa matofali ya kuchoma amwambie fundi aache vijishimo ukutani vya kuweka taa na vitabu. Waswahili wa Lamu na Unguja walivijenga vidaka hivyo kwenye nyumba zao za mawe karne nyingi zilizopita, wakapanga humo sahani zao za thamani. Kwa fundi anayeanza ukuta leo, gharama ya kidaka ni kumwambia mapema.

Sebule iliyopunguzwa hivyo imeshapambwa nusu kabla ya riboni ya kwanza.

Ajabu ni kwamba jambo hili lote tunalijua tukiwa kanisani. Jimbo Katoliki la Mbulu, linaloihudumia Karatu, lina vigango ambavyo havina hata dari. Nenda Desemba ukawaone vijana wa kwaya wanavyojenga pango la Mtoto Yesu: karatasi za mifuko ya saruji zinafinyangwa, zinapakwa majivu na rangi, zinageuka mwamba wa Bethlehemu. Matawi ya saiprasi yanafungwa kwenye nguzo. Karatasi laini za msalani, nyeupe na za waridi, zinasokotwa na kuvutwa kutoka boriti hadi boriti, na kwa mbali hutazijua. Sijasikia muumini anayetoka pale akisema nyumba ya Mungu imekaa kimaskini. Walutheri kwao ni vivyo hivyo. Lakini watu hao hao wakifika nyumbani wanasema mapambo yako Arusha mjini, nauli imepanda.

Mti wa Krismasi wenyewe ulikuja kwetu kupitia wamisionari, na kwa Wajerumani ulianza kwa vitu rahisi vya namna hii hii. Maandishi ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanaeleza watu walivyosimamisha mti sebuleni na kuutundika maua ya karatasi za rangi, matofaa na vitu vitamu. Yaani, zaidi, karatasi na chakula. Hata zile tufe za kioo zinazong'aa, katika mji mdogo wa Lauscha huko Ujerumani husimuliwa kwamba alizibuni fundi kioo wa karne ya 19 aliyekosa hela ya matofaa ya kutundika. Iwe hadithi au kweli, Ulaya imeipenda ikaitunza. Kilichokuwa mbadala wa maskini sasa kinatengenezwa kwa makontena mjini Yiwu, China, kinateremshwa Dar es Salaam, kinapita Kariakoo, kinapanda basi, na mtu wa Karatu anakisubiri kwa unyenyekevu huku ua wake wa saiprasi ukiwa umerefuka mpaka unagusa waya za umeme.

Tuseme una shilingi 50,000 na hutaki Januari ikukute umekaushwa. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sare na madaftari bado ni juu yako. Anza na chokaa. Ichanganye na maji na chumvi kidogo ili ishike ukutani, tumia fimbo usitie mikono, paka mara mbili. Ukuta mweupe unafanya chumba kidogo kipumue, na ukiwa na udongo mwekundu wa kuchora mkanda chini, pale ambapo watoto wanapachafua hata hivyo, umepata rangi ya pili bure. Baadaye nenda kwa fundi cherehani ukaombe vipande vya vitenge, vile anavyovifagia jioni. Vikikatwa pembetatu na kushonwa kwenye kamba ya katani vinakuwa vibendera ambavyo utavitumia Krismasi, ubarikio na harusi ya binamu. Maganda ya mahindi yakiloweshwa yanasokotwa nyota. Masuke ya ngano ya Mbulumbulu yakifungwa kwa uzi mwekundu yanakaa mlangoni mwezi mzima. Tawi la kahawa lililopogolewa, likikauka na kupakwa chokaa, ni mti wa Krismasi wa mezani, na nikiambiwa nichague, nalipenda kuliko ule wa plastiki unaofunguka kama mwavuli. Mchaga akitaka kuongeza masale pembeni, aongeze, kama hajaenda kwao Moshi kuhesabiwa na ndugu.

Saiprasi ikatwe kwenye ua, yako au ya jirani aliyeruhusu. Msitu wa juu, ule wa hifadhi unaovifunika vilele na kutupa chemchemi, hauguswi kwa ajili ya sebule ya mtu. Tawi lisimamishwe kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, na mshumaa ukae mbali nalo kabisa, kwa sababu saiprasi iliyokauka inashika moto upesi. Mwenye Idi ana kazi rahisi zaidi. Watu wa pwani walishagundua kwamba chumba kilichofagiliwa, mkeka uliooshwa, asumini kidogo na chetezo cha udi vinatosha kumfanya mgeni asimame mlangoni avute pumzi.

Ukifika hapa chokaa, kamba, uzi na udi havijaimaliza 50,000, hata ukiongeza kamba ya taa ndogo za kumetameta. Sizichukii taa hizo; nilichokataa ni kuzingoja.

Kuna pingamizi moja ninalolikubali, nalo halitoki kwa wapenda makochi. Linatoka kwa akina mama wanaouliza: hizi nyota za maganda atasokota nani? Wamepatia. Makala nyingi za mapambo ya gharama nafuu maana yake ni pesa ya baba imepona na usiku wa mama umeliwa. Kwa hiyo niwe wazi. Kupogoa ua ni kazi ya panga, kukata madumu ni kazi ya kisu, kupaka chokaa ni kazi ya ngazi, na ndoo za maji zina uzito wake. Baba anayesema mapambo ni mambo ya kike, huku ndiye wa kwanza kulalamika kwamba nyumba haina mvuto, anaweza kuanza na uvungu wa kitanda. Redio iliyokufa ni ya kwake.

Wengine wataniambia wanaishi chumba kimoja cha kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia msumari. Kamba ya katani inafungwa kwenye nondo ya dirisha na kwenye bawaba ya mlango, vibendera vinapita juu ya vichwa vya wageni, ukuta haujaguswa. Akikataza na kamba, huyo hana ugomvi na mapambo, ana ugomvi na wewe. Januari tafuta chumba kwingine, na vibendera uondoke navyo.