Ngazi Inayolia Usiku

Ngazi ya mbao inapoanza kulia, wenye nyumba wengi huizoea. Watoto hufundishwa kidato cha kuruka, na mgeni huachwa agundue mwenyewe. Sisi hatuoni kuwa ni jambo la kuzoewa, hasa katika nyumba kongwe za mwambao, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambamo ngazi ni za mbao, zimesimama sana, na aghalabu zimo gizani. Humo bibi hushuka alfajiri kwenda kutawadha, na mama hupanda na mtoto mgongoni. Sauti inayomwamsha mgonjwa ni kero tu. Kidato kilicholegea chini ya mguu wa mtu mzima ni hatari.

Mbao huvuta unyevu na kuutoa. Masika huvimba, na jua la kaskazi likiwaka husinyaa. Miaka ikipita, tundu la msumari hupanuka, na hewa ya chumvi huula msumari wenyewe. Ubao wa kukanyagia hupata nafasi ya kucheza, ukasuguana na msumari au na ubao uliosimama chini yake. Huo ndio mlio.

Na zile sauti za usiku wa manane, pasi na mtu kupanda? Watoto huambiwa ni jini apitaye, na wengine hukua na hofu hiyo bure. Nyumba iliyopata joto mchana kutwa hupoa usiku. Mbao hujikunyata, na kiungo kilichobanwa hujiachia kwa kishindo kidogo. Mzazi amweleze mtoto hivyo, tena mchana, huku wakiushika ubao wenyewe.

Kabla ya kutengeneza, mmoja apande polepole, akikanyaga kila kidato mbele, kati na pembeni, na mwingine asikilize kutoka chini. Panapolia patiwe alama ya chaki. Mlio wa mbele kwa kawaida hutoka pale ubao wa kukanyagia unapokutana na ule uliosimama. Wa pembeni hutoka kwenye ubao mrefu wa ubavuni unaobeba vidato.

Ikiwa chini ya ngazi panaingilika (mara nyingi ndipo palipojazwa ndoo na mikeka mibovu), kazi ni nyepesi. Kabari nyembamba ipakwe gundi ya mbao, kisha isukumwe taratibu ndani ya mwanya. Ikigongwa kwa nguvu hunyanyua kidato na kuzua mlio mwingine. Halafu kipande kinene cha mbao kitiwe gundi na kukazwa kwa skrubu katika kona ya mbao mbili zile. Urefu wa skrubu upimwe kwanza, zisije zikatokeza juu na kuchoma nyayo.

Ngazi iliyozibwa kwa plasta chini hutengenezwa kwa juu. Litobolewe tundu jembamba kuliko skrubu, lipite ubao wa kukanyagia na kuingia katikati ya unene wa ubao uliosimama. Kwa ubao wa milimita 25, skrubu ya milimita 50 yatosha, nayo iwe ya chuma kisichoshika kutu. Kuongeza misumari hatushauri, kwani kilichowalegeza wa zamani bado kipo.

Wapo wanaomimina mafuta ya nazi. Tunawasihi waache: huteleza na hushika vumbi. Poda ya watoto ikinyunyizwa kwenye mwanya hutuliza kwa siku chache, ikiwa ndani mna mgonjwa na fundi hajafika.

Lakini ikiwa kidato kinabonyea, au ubao ukigongwa unatoa sauti ya utupu, jaribuni kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, pana mchwa au uozo, na kabari itaficha tu. Huyo ni wa kuitiwa seremala. Katika nyumba ya wapangaji wengi, ambako kila familia huisubiri nyingine, gharama ya ubao mpya tunaona ni ya mwenye nyumba, ila taarifa apewe upesi na wote kwa pamoja. Hadi fundi afike, kidato hicho kizibwe kwa namna ionekanayo hata gizani, taa iachwe ikiwaka usiku kucha, na wazee wahamishiwe chumba cha chini.