TEMBEA KATIKA NGITILI UPATE AFYA

Mwanza kuna hifadhi ndogo ya Taifa iitwayo Saanane. Ni kisiwa cha mawe katika Ziwa Victoria. Kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Watu hupanda boti, hulipa kiingilio, kisha hutembea polepole kati ya mawe na miti. Huona pimbi na swala. Hurudi wamechangamka.

Sisi tunazo ngitili. Wazee wetu walizitenga ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Zamani miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba. Nchi ikawa kavu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Vijiji vikarudisha ngitili, na miti ikaota tena.

Utasema, "Mimi ni mkulima, jembe linanitosha." Ni kweli. Anayelima anafanya mazoezi. Je, anayekaa dukani kutwa? Fundi cherehani? Kijana wa bodaboda? Mzee aliyeacha jembe? Mwili usiotembea hupatwa upesi na shinikizo la damu na kisukari. Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima atembee kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki.

Basi fanya hivi:

1. Nenda asubuhi, kabla ya jua kali. Chukua maji safi ya kunywa.

2. Vaa viatu vinavyofunika miguu. Nyoka wapo.

3. Usikanyage madimbwi. Yanaweza kuwa na kichocho.

4. Penye mbung'o usivae nguo za buluu wala nyeusi. Rangi hizo huwavuta.

5. Fuata njia. Jihadhari na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa dhahabu.

6. Nenda na mtoto au mjukuu. Mwonyeshe kila mti na umtajie jina lake.

Maoni yangu ni haya. Kila ngitili ya kijiji iwe na njia moja ya kutembea, ili majani yasikanyagwe ovyo. Na anayetaka kuikata achome mkaa azuiwe. Fedha ya mkaa huisha upesi. Baada yake hakuna kivuli, hakuna malisho, hakuna mizizi ya dawa. Mti uliokatwa leo hautakua mwakani.

Jambo hili lizungumzwe katika mkutano wa kijiji. Wewe uliyesoma habari hii, simama useme. Mtu ni afya.