Tuyasome Maji Tunayoyanywa

Maji tunywayo hapa Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, na uchafu wa mji hurejea humo humo. Mukeke na ndagala wa ziwa hilo twawajua vyema. Bakteria wake, ambao ukoo wao ni wa kale kuliko wa samaki yeyote, twawakumbuka siku ya kipindupindu tu. Huo ni upungufu ambao hatuna budi kuuondoa.

Kwa miaka mingi wataalamu walisumbuliwa na fumbo mfano wa lile la kuku na yai. DNA huhifadhi maagizo ya urithi, na protini hutenda kazi. Lakini DNA hainakiliwi pasipo protini, wala protini haiundwi pasipo maagizo ya DNA. Kipi kilitangulia? Mnamo 1982 Thomas Cech alieleza jinsi RNA ya kiumbe cha seli moja inavyojikata na kujiunga yenyewe. Mwaka 1983 Sidney Altman na wenzake wakaonyesha kwamba RNA ya bakteria huweza kukata RNA nyingine bila msaada wa protini. Wawili hao walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1989. Kumbe kitu kimoja chaweza kubeba maagizo na pia kutenda kazi! Ndiyo sababu wataalamu wengi huamini kwamba uhai wa awali ulitegemea RNA.

Elimu hiyo ina faida kwetu leo. Ribosomu, ambayo ni karakana ya protini katika kila seli, kiini chake ni RNA. Doksisaiklini apewayo mgonjwa wa kipindupindu huishika RNA hiyo ndani ya bakteria, na karakana ikasimama. Tena, tangu kazi ya Carl Woese ya mwaka 1977, RNA ya ribosomu imekuwa kitambulisho cha viumbe: tone moja la maji likipimwa, twajua ni bakteria gani waliomo.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na sehemu yake kubwa ya chini haina oksijeni. Mwaka 1987 watafiti waligundua chemchemi za maji moto chini ya ziwa, karibu na Rasi ya Banza upande wa Kongo. Uhai haukuanzia humo, maana ziwa hili ni changa mno mbele ya uhai wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Hata hivyo, hapo twaweza kujifunza jinsi viumbe wanavyoishi pasipo hewa.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya mataifa tajiri. La hasha! Anywaye maji ndiye apaswaye kuyajua. Makao ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi nne wa mwaka 2003, yapo mjini humu. Chuo Kikuu cha Burundi kipo pia. Vijana wetu wapewe vifaa na mafunzo, wayapime maji haya kila msimu, wala wasingoje maradhi yabishe hodi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.