Hedi ya Gari si Ubao wa Kuranda



Jirani yangu hapa Magu ana Land Rover ya petroli ya mwaka 1962, urithi wa marehemu baba yake. Ndiyo ibebayo pamba yake, na usiku ndiyo ipelekayo wagonjwa Mwanza. Mwaka jana fundi mmoja alimwambia, "Mzee, tuichonge hedi, itapata nguvu." Mzee akauza mbuzi watatu. Hedi ikachongwa, na nguvu kweli ikapatikana. Baada ya miezi miwili, ikipanda mlima na mzigo, injini ikagonga kama kokoto katika debe. Pistoni moja ikatoboka.

Je, fundi alidanganya? La. Alisema nusu ya kweli.

Hedi ni kifuniko cha injini. Ndani yake mna vyumba ambamo petroli na hewa hushindiliwa, kisha cheche huwasha moto. Injini hiyo ilitoka kiwandani ikishindilia sehemu 7 kuwa 1. Baadaye kiwanda kilitoa hedi ya sehemu 8 kuwa 1. Tofauti yake katika kila silinda ni kama vijiko vitatu vya chai tu! Ukizidisha mno, joto hupanda, na petroli iliyobaki pembeni hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Huko ndiko kugonga. Mwingereza Harry Ricardo, aliyechunguza jambo hili miaka 100 na zaidi iliyopita, alionyesha kwamba hata umbo la chumba lina kazi yake: likiivuruga hewa vizuri, moto hukimbia upesi na kugonga hupungua. Kuchonga ovyo hakuleti umbo hilo.

Tena sisi wa Ziwani tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, injini hustahimili kidogo. Injini isiyogonga hapa yaweza kugonga ikishuka Dar es Salaam.

Basi, mwenye gari la zamani, shika haya:

1. Hedi ichongwe ikiwa imepinda, tena kidogo tu, mpaka inyooke.

2. Pima vyumba kwanza. Laza hedi chali, vali na plagi zikiwa mahali pake. Paka grisi ukingoni, funika kwa kioo chenye tundu, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano. Andika kila chumba kimemeza kiasi gani. Vyote viwe sawa.

3. Ikisharudishwa, nafasi za vali zipimwe upya.

4. Petroli yenye risasi iliondolewa kwetu kufikia mwaka 2006. Risasi hiyo ililinda viti vya vali. Hedi ikiwa nje, mwulize fundi kama viti ni vya chuma kigumu.

Jirani yangu ametia pistoni mpya na hedi kuukuu isiyochongwa. Sasa mlimani hupanda polepole, lakini hufika. Na mgonjwa aliyelala nyuma haulizi mwendo, anauliza kufika.