Zitoeni Picha Kwenye Simu!

Mwezi huu nina swali moja tu, na kama mwandani wako yupo hapo karibu muulize na yeye. Simu zenu zikiibiwa leo jioni kwenye daladala, zitabaki picha ngapi za penzi lenu? Usinijibu mimi. Angalia ukuta wa sebule yenu. Televisheni ipo, saa ipo, pengine na kalenda ya benki. Nyinyi wenyewe mko wapi?

Tunajipiga picha asubuhi, mchana na jioni, lakini mkononi hatuna hata moja. Bibi zetu walikwenda studio labda mara tatu maisha yao yote, na hizo tatu zipo mpaka leo, ndani ya bahasha, chini ya vitenge vya heshima.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alifiwa na baba yake. Si unajua msiba ukitokea kitu cha kwanza kutafutwa ni picha ya marehemu, ya kuweka mezani na ya kwenye fulana. Familia nzima ikapekua simu. Watoto watano, wote na simu za bei mbaya, na picha pekee ya mzee akiwa ametulia ilikuwa ya harusini, kasimama safu ya nyuma, imeshatumwa na kutumwa tena kwenye WhatsApp. Ilipokuzwa, macho ya mzee yakawa vijiraba vijiraba. Ndiyo iliyotumika, maana nyingine haikuwepo. Kinachomuuma mwenzetu mpaka leo ni kwamba alikuwa akienda kumsalimia mzee kila Jumapili, na simu yake mfukoni.

Basi mwezi huu tuache kidogo habari za wivu na mawifi, tuongee kuhusu printa. Usicheke! Namaanisha kuchapa picha nyeusi na nyeupe nyumbani kwenu, kwa ile printa ya wino ambayo wengi wetu tunaitumia kwa barua na vyeti tu.

KWA NINI NYEUSI NA NYEUPE?

Fungua albamu ya wazazi. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka wekunduwekundu, kama zimechovywa kwenye chai. Zile nyeusi na nyeupe zilizotangulia bado zinadai. Siri yake ni kwamba picha nyeusi na nyeupe ya zamani ilijengwa kwa chembechembe za madini ya fedha, wakati ile ya rangi ilitegemea rangi za kemikali ambazo huchuja, kila moja kwa kasi yake.

Halafu kuna uzuri wenyewe. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zake nyeusi na nyeupe zimetutunzia Zanzibar ya mabibi na mababu. Kule Bamako, Mali, Malick Sidibé aliwapiga vijana wa miaka ya 1960 wakiwa kwenye dansi, suti zimenyooka, viatu vimetupwa pembeni. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote, Mwafrika wa kwanza kuipata. Rangi ikiondoka, unabaki na uso, macho na mkono ulioshika mkono.

Tusidanganyane lakini: printa ya nyumbani haina madini ya fedha. Inarusha matone madogo sana ya wino. Uimara wa picha yako utategemea wino gani na karatasi gani. Twende hatua kwa hatua.

FAILI KWANZA

Picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli kama 1,200 kwa 1,800. Ukitaka ya A4, tafuta kama 2,480 kwa 3,508. WhatsApp huipunguza picha inapotumwa kawaida, kwa hiyo mwambie shemeji akutumie kama dokumenti, au ihamishe kwa waya kutoka simu iliyoipiga. Picha ya zamani ya karatasi ipitishe kwenye skana. Ukiipiga kwa simu chini ya taa, utapata na mng'ao wa taa humohumo.

IGEUZE MWENYEWE

Usibonyeze tu kile kitufe cha kuondoa rangi ukadhani kazi imekwisha. Nyekundu na kijani zinaweza kuangukia kijivu kilekile, na gauni jekundu la shosti likapotelea kwenye majani ya bustani. Programu za kuhariri picha, ikiwemo GIMP ambayo ni ya bure, hukuruhusu kuamua nyekundu, kijani na bluu zichangie kiasi gani. Ngozi zetu za kahawia zina nyekundu nyingi kuliko bluu. Ukiongeza nyekundu, uso unapata nuru na ngozi inalainika. Ukiongeza bluu, uso unakuwa mzito na kila chunusi inajitokeza.

Kisha iangaze picha kidogo zaidi ya unavyoiona kwenye skrini. Skrini inawaka, karatasi haiwaki. Ndiyo maana bwana harusi mwenye suti nyeusi hutoka kwenye printa akiwa kivuli chenye meno.

WINO NDIO MTIHANI

Printa yenye rangi nne hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi zake zote. Mchanganyiko ukiyumba kidogo tu, picha inatoka na ukijani au uzambarau. Ajabu zaidi, unaweza kuiona sawa dirishani na ukaiona ya kijani chini ya taa usiku! Njia ya pili ni kuiamuru itumie wino mweusi peke yake. Hapo ukijani unakwisha, ila sehemu nyeupenyeupe, kama shela la bibi harusi, zinaonyesha vidoti kama mchanga. Na printa nyingine ukizichagulia karatasi ya picha huchanganya rangi hata kama umebonyeza nyeusi na nyeupe.

Dawa kamili ni printa yenye wino wa kijivu. Epson Stylus Photo R2400 ya mwaka 2005 ilikuja na weusi wa ngazi tatu, na siku hizi kuna ya matanki, ET-8550, inayouzwa kwingine kwa jina L8180, yenye kijivu chake. Ukienda dukani muulize muuzaji moja kwa moja: ina wino wa kijivu? Kama tayari mna ya rangi nne, msiitupe. Chapeni kwa njia zote mbili mchague. Kuna na ujanja: ongeza ukahawia kidogo sana kwenye picha nzima. Ule ukijani unafichika, na picha inaonekana imetulia.

Jambo lingine, kuna wino wa rangi iliyoyeyuka na wino wa chembe. Kwa kawaida wa chembe huvumilia mwanga na hewa muda mrefu zaidi. Ule wa kujazia wa bei chee usio na jina, tumia kwa barua.

KARATASI NA UKUTA

Karatasi ya ofisini ya gramu 80 hunywa wino, na weusi unageuka majivu. Nunua karatasi ya picha ya gramu 200 au zaidi, na kwenye kompyuta chagua aina hiyohiyo ya karatasi, maana printa hupima wino kwa kufuata ulichoiambia. Kabla ya kuchapa picha nzima, chapa kipande kidogo cha uso. Kiangalie mchana dirishani, kiangalie usiku chini ya taa, ndipo uendelee.

Ikitoka, iache siku nzima ikauke. Kwenye fremu weka kadi yenye dirisha ili kioo kisiguse picha. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani, kioo na picha vikigandana ni ndoa isiyo na talaka. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua. Na printa yenyewe ichape chochote kila wiki, vinginevyo matundu yake huziba.

SASA NYINYI WAWILI

Najua kuna atakayesema, "Mhariri, si bora niende studio tu?" Kama ni picha mbili kwa mwaka, kweli, peleka faili lako studio, utaokoa hela. Faida ya kuchapa nyumbani ni ile saa moja mnayokaa pamoja. Yeye anataka nzito, wewe unataka yenye nuru. Chapeni zote mbili, muweke mezani, mbishane. Katikati ya ubishi huo mtashangaa mnaulizana, hivi siku hii ulikuwa unawaza nini?

Kazi ya mwezi huu ni picha mbili tu. Ya kwanza yenu wawili. Ya pili ya mzazi aliye hai, wa upande wowote, akiwa peke yake, karibu na dirisha, macho yanaonekana. Nyuma andikeni jina, mahali na mwaka, maana wajukuu hawatamjua kwa kumwangalia. Mchapieni nakala na yeye, mkampe mwenyewe mkononi.

Tukutane mwezi ujao!