Asiyekuwepo na lake halipo, hata Marekani

Je, una binamu Marekani anayelia kuwa mtaa wao umesahaulika? Muulize: kikao ulienda?

Chini ya sheria ya 1974, serikali kuu huipa miji pesa za nyumba na maendeleo ya mitaa. Angalau asilimia 70 lazima ziwafaidi wenye kipato cha chini na cha wastani. Lakini mtaa upi? Hapo ni mpango wa jiji.

Rasimu huwekwa wazi siku 30, na kila mwaka vikao vya umma visipungue viwili. Jiji likikataa maoni, lazima lieleze sababu kwa maandishi. Kwa hivyo binamu akinyamaza, jiji halina la kumjibu. Chapaa zitaenda kwa waliojitokeza.