Msamaha wa Kodi ni Matumizi ya Serikali

Mwaka 1967 Stanley Surrey, ofisa wa Hazina ya Marekani, alieleza jambo lililofichika machoni pa wengi: kodi iliyosamehewa ni fedha iliyotumika. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1974 ikaagiza misamaha iorodheshwe katika bajeti. Nasi Visiwani tujiulize. Hoteli iliyosamehewa ushuru wa saruji na samani ni sawa na hoteli iliyopewa fedha taslimu na Serikali. Lakini ruzuku hupita Baraza la Wawakilishi, ikahojiwa shilingi kwa shilingi. Msamaha, ukishatolewa, hukaa kimya, na pengo lake huzibwa na mwenye duka wa Darajani. Hatusemi wawekezaji wafukuzwe, hasha! Twataka kila msamaha usomwe bajetini, pamoja na kiasi chake na jina la aliyeupata.